Papa Kabamba na Shangazi Zake wa Nyuklia

Brussels, 27 Juni 2025
Kwa papa Ghislain Kabamba

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni, papa Kabamba, baba yetu wa kazini, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba chetu cha kuongozea umeme. Alizaliwa Likasi, akaja Brussels kusomea ufundi, akaanza na zamu za wikendi zilizokataliwa na wengine, akaishia kuwa mkuu wa zamu.

Kwa miaka mingi karibu nusu ya umeme wa nchi hii ilitoka kwenye vinu vichache vya nyuklia. Papa Kabamba alivipa majina ya shangazi zake: wanalisha ukoo mzima, alisema, ila hujui watanuna lini. Kinu kikongwe kuliko vyote kiliitwa Mbombo. Siku moja Dan, akiwa bado mgeni kazini, aliandika kwenye daftari rasmi: "Mbombo amelala tangu asubuhi." Ofisi ya wafanyakazi ikadai cheti cha daktari cha Mbombo. Papa Kabamba akajibu kwa barua kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, ila hawezi kupanda metro.

Kuna majira ya baridi nisiyoyasahau. Shangazi wawili walikuwa kwenye matengenezo, na Mbombo naye akazimika. Orodha ya mitaa ya kukatiwa umeme jioni ile ilikuwa na Koekelberg, tunakokaa sote. Mume wangu Donat, rafiki wa papa Kabamba wa zamu, alikuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni. Papa Kabamba angeweza kuufuta mtaa wetu kwenye orodha. Hakuufuta; kila mtaa, alisema, una Donat wake. Alimwomba Arnaud, mwenzake wa zamu, azipigie simu nyumba zote zenye mashine kama ile. Zamu ilipoisha, akapanda ghorofa nne kwetu na betri nzito ndani ya mfuko wa unga wa fufu.

"Bon, Donat, courant ikikatika, betri iko. Isipokatika, tunakunywa chai."

Umeme wa nchi jirani uliwahi kufika, hatukukatiwa. Tukanywa chai. Donat alicheka mpaka mashine ikapiga kelele. Alituacha mwezi Machi, miaka miwili baadaye, na kicheko kile ninacho bado.

Asante, papa Kabamba. Sasa kula bukari, ugali wa mkeo maman Lucienne, ukiwa wa moto, baada ya miaka yote ya kuula baridi kazini. Tunakuombea siku ndefu na afya. Betri yako iko chini ya meza yangu. Siirudishi, njoo uichukue mwenyewe, uje na njaa.

Na ukiwasha taa kwako, utukumbuke, mimi na Donat.

Maman Mujinga, mapokezi