Bi. Millicent Oyoo na Ukuta wa Kileleshwa

Baada ya miaka ishirini na miwili kazini, mingi yake ya kukata, kubandika na kulinda stika za mapambo, Bi. Millicent Oyoo anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Agosti. Karakana yetu hapa Dagoretti Corner itabaki na mashine zake, ila mezani pake ataketi mtu mwingine, na sisi wengine bado tunajaribu kulizoea wazo hilo.

Alipoajiriwa, tulikuwa tukiandika mabango ya vinyozi kwa brashi. Stika za vinili, ile plastiki nyembamba yenye gundi, zilipoingia, wengi wetu tulizicheka. Yeye alibeba mabaki, akaenda kuyajaribu nyumbani kwake Riruta. Maua aliyobandika juu ya jiko yaliungua, samaki wa bafuni wakajikunja kwa mvuke, na mumewe akaomba aachiwe angalau chumba kimoja kisicho na majaribio.

Hasara hizo ndizo zilizotufunza. Rangi mpya iachwe ikauke kabisa kabla ya kubandika. Stika ifutwe kwa kitambaa laini. Panapoguswaguswa au kurukiwa na maji, ipitishiwe juu yake karatasi angavu ya kukinga. Mteja aliyesugua stika yake kwa waya wa sufuria alipewa somo na Bi. Millicent, kisha chai, kisha stika nyingine.

Lakini kazi nitakayomkumbukia ni ya mwezi Juni mwaka huu.

Miaka michache iliyopita, baba mmoja wa Kileleshwa, marehemu Muasya, alituletea maneno aliyomwandikia bintiye Kaluki kwa mkono wake: “Lala salama, mama. Dadi yuko.” Alikuwa mgonjwa tayari. Bi. Millicent aliyakata maneno hayo kwa mwandiko ule ule, akaenda nayo, akamwelekeza Muasya ayabandike mwenyewe juu ya kitanda cha mtoto. Kwa kuwa Kaluki angeyagusa kila anapolala, alimwonyesha pia namna ya kuyafunika kwa karatasi angavu.

Juni hii, mwenye nyumba aliamua kuiuza. Mjane wa Muasya, Munyiva, alitakiwa kuhama, na mafundi wa rangi walikuwa njiani. Alikuja karakanani na Kaluki, nasi tukamwambia kwamba tungeweza kupiga picha na kukata maneno mengine yanayofanana kabisa. Kaluki alikataa.

“Hiyo ingine itakuwa yenu,” alisema. “Hii ni dadi alibandika.”

Bi. Millicent alikubali kujaribu kuibandua nzima. Baridi yabisi ilikuwa imempunguzia nguvu za vidole, na upande wa dirishani jua lilikuwa limeikausha stika ikawa ngumu kama ganda la yai. Kwenye ngazi za ghorofa yao aliniambia, “Caren, nikiirarua hii, sitajisamehe.” Kisha akaingia.

Aliomba mashine ya kukaushia nywele. Akawa anapasha joto sehemu ndogo, anaigusa, anasubiri, ndipo anainua ukingo. Kaluki alikuja kusimama kando yake, na badala ya kumfukuza akampa kazi.

“Mama, shika hapa chini. Usivute. Ikikataa, tunangoja.”

“Na ikikataa kabisa?”

“Tutaibembeleza. Hatuna haraka na baba yako.”

Munyiva alitoka akaenda kusimama jikoni. Hakuweza kutazama.

Ile karatasi angavu ilizishika herufi zote pamoja, zikawa zinatoka kama kitambaa kimoja. Walipofika neno la mwisho, kitu kilipasuka. Sote tuliganda. Kilikuwa kipande cha rangi ya ukuta. Herufi zilikuwa nzima. Bi. Millicent aliketi sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka, na Kaluki akamrukia shingoni. Munyiva alikuja mbio akidhani mambo yameharibika. Alipoyaona maneno yamelala salama kwenye karatasi ya kuhamishia, alisema tu, “Asante, Yesu,” akaegemea mlango.

Yalibandikwa tena katika nyumba yao mpya. Wiki iliyopita Munyiva alipiga simu: hakuna hata ukingo ulioinuka, na Kaluki amelala vizuri tangu walipohamia.

Habari njema nyingine ni ya daktari. Vidole vya Bi. Millicent, amesema, havihitaji kupasuliwa, vinahitaji kupumzika. Tulipoipata habari hiyo tulishangilia hadi jirani yetu fundi viatu akaja kuuliza nani ameoa.

Nyar Alego, binti wa Alego, asante kwa mikono yako, kwa chai yako, na kwa kutuvumilia tulipokuwa na haraka. Nenda ukapumzike pasipo deni la kazi. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele, na asubuhi ambazo hakuna mteja anayekungoja mlangoni. Ukitukumbuka, njoo tu. Kiti utapewa, lakini makasi tutayaficha.