Mtungi Usio na Mwenyewe

Phanice, jirani yake katika ploti ya nyumba za kupanga, ndiye aliyemwambia Filister kwanza. Phanice ni mfagizi katika chuo kimoja cha sanaa mjini, na ubaoni huko aliona tangazo: wanatafutwa watu wa kusomea uandishi wa michezo ya kuigiza. Cheti cha sekondari hakiulizwi. Kinachotakiwa ni mchezo wa kurasa kumi, uwe umesomwa kwa sauti na watu watatu, na watatu hao waandike majina yao nyuma. Filister aliishia darasa la nane. Ana mtoto wake Ian mgongoni na birika la kahawa ya kuuza mkononi. Kurasa kumi alizimaliza kwa wiki sita. Watu watatu ndio waliomshinda, maana kuomba kulimtoa jasho kuliko kuandika. Ikabaki siku moja, na daftari bado limelala chini ya kopo la sukari, kwenye benchi analouzia, mtaani Gatina, mbele ya kibanda cha Daktari.

Daktari ni Sifuna, anayetibu redio. Kando yake huketi Osewe, Mheshimiwa, aliyegombea uenyekiti wa ploti akapata kura mbili, na Morris wa boda boda, aitwaye Spidi kwa sababu abiria wake hupitwa na wanaotembea kwa miguu. Jioni hiyo Phanice alipita akitoka kazini, akaropoka:

— Filister, bado hujapata wasomaji? Kesho saa sita wanafunga!

Benchi zima likageuka. Filister akainamia vikombe.

— Wasomaji wa nini? akauliza Daktari.

— Wa mchezo wake. Anataka kuingia chuo, asomee kuandika michezo.

— Mama Ian huyu? Huyu hata "sukari ngapi" anauliza na macho!

— Kwani huko wanafunzwa nini? akauliza Spidi.

— Kulia, akasema Mheshimiwa. Mwaka wa kwanza wote ni kulia. Unalia mpaka ukiitwa jina tu, machozi yanatoka kama paipu imepasuka kule Riruta.

— Zii, Mheshimiwa, akakataa Spidi. Nimekumbuka sasa, wanakufanya mti. Binamu yangu aliona msee, kijana mzima, amesimama mti wiki mbili. Ndege ikajenga kwa kichwa yake.

— Halafu?

— Si alipita mtihani! Ndege ndiyo ilifeli.

— Nyinyi hamjui kitu, akasema Daktari. Ukitoka huko una watu arobaini ndani ya kichwa, na wote wanaongea kwa pamoja. Ndiyo wahenga wakasema, mtoto akililia wembe, mpe.

— Lakini huyu tayari ana mtoto, Daktari.

— Si ndiyo nasema!

Phanice akacheka mpaka akaweka mfuko chini.

— Wacheni uongo, bana. Hilo darasa nalifagia mimi. Wanakaa duara, mchezo wako unasomwa na wenzako, halafu wanauchambua. Na wewe mwenyewe huruhusiwi kusema neno mpaka wamalize.

Benchi zima likamsogelea.

— Hata neno moja?

— Hata "lakini".

— Unasemwa, umekaa hapo hapo, na hujibu? Mheshimiwa akatua kikombe. Hata kortini mtu hujitetea!

— Mimi ningepasuka siku ya kwanza, akasema Spidi.

Filister akainua uso. Miaka miwili amemimina kahawa kwenye benchi hili, akimsikia kila mtu na asimjibu yeyote. Kumbe kuna mahali kunyamaza huko ni masomo. Mkono ukaenda wenyewe chini ya kopo la sukari. Akampa Daktari daftari.

— Someni, akasema. Mimi sitasema kitu.

Wakasoma. Mchezo uko kwenye mfereji wa maji, bomba la kulipia, Kibera. Mitungi ya plastiki imepanga foleni, wenyewe wameenda kwenye shughuli zao, maana mtungi humshikia mtu nafasi. Mmoja wa njano, mwenyewe harudi. Kila foleni ikisonga, wanawake wawili wanausogeza. Mwenye mfereji anataka utolewe. Spidi alianza kwa sauti nyembamba ya kike, wakacheka. Kufika ukurasa wa tatu, alikuwa akisoma kwa sauti yake, na hakuna aliyecheka.

— Mimi ningeutoa, akasema Mheshimiwa walipomaliza. Watu wana kiu! Debe tupu haliachi kuvuma.

— Huo ni mtungi, na haujavuma, akasema Spidi. Uutoe, halafu mwenyewe arudi? Utamwambia nini?

— Arudi kutoka wapi? Ametoroka bwana yake!

— Amelazwa, bana. Ama amejifungua njiani.

— Nyinyi! akasema Daktari. Huo mtungi umewekwa na serikali. Wanapima roho za watu.

— Serikali gani inapanga foleni?

— Hiyo ndiyo siri! Lakini huyu mama wa pili, ukurasa wa saba, anaongea sana. Hapo nililala.

— Kweli, hata mimi nilisinzia, akasema Mheshimiwa.

Filister akafungua mdomo. Akaufunga. Akachukua penseli akalitia alama fungu hilo.

Kahawa ikapoa vikombeni, na waliendelea kugombania mtungi kana kwamba umewazibia njia. Nyuma yao alisimama Apiyo, muuza dagaa wa omena kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo. Alikuja kuchukua redio yake wakiwa ukurasa wa pili, akasahau kuiulizia.

— Lakini mwenye mtungi ni nani? akauliza.

Mheshimiwa akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Spidi. Mwishowe wote wakamgeukia Filister, aliyejua.

— Haya, Mama Ian. Sema.

Filister akampa Daktari kalamu.

— Andikeni majina nyuma, akasema.

Asubuhi yake, kabla benchi halijapata watu, Filister alifuta mistari minne ya ukurasa wa saba. Kuhusu mwenye mtungi hakuongeza hata neno. Akaliweka birika lililojaa kwenye benchi, pale pale anaposimama kila siku, na vikombe akavifunika kwa kitambaa safi. Akamfunga Ian mgongoni, akashika daftari, akaifuata barabara ya mjini. Hakuwa amefika mbali aliposikia mlango wa kibanda ukifunguliwa, na Daktari akimkemea Spidi:

— Kunywa, lakini usilisogeze. Hapo pana mtu.