Kipimajoto Kilichosimama

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa kumfuata, kusoma maisha ya kaka yetu, ingawa kusema kweli leo sina moyo wa kusoma chochote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha barafu, ambako baba yetu alikuwa mkata barafu, akiwa kifungua mimba wa watoto wanne. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, sekondari mwaka 1982, akasomea ualimu wa fizikia, na mwaka 1988 akaajiriwa katika sekondari aliyoifundisha mpaka mwisho, akikataa ukuu wa shule mara mbili, kwa maelezo kwamba ofisini hakuna ubao.

Wanafunzi walimbandika jina la Hatua ya Pili, kwa sababu akiwapa barafu waifanye maji ya moto, wengi walipiga hesabu ya kuipasha barafu, kisha ya kuyapasha maji, wakairuka ya katikati, ya kuyeyuka, ambapo kila gramu hunywa jouli 334 na kipimajoto kisisogee hata kidogo. Aliyeiruka alipata sifuri, hata akiwa mtoto wake wa kumzaa, binti yake yupo hapa na anajua.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji wa sare, wakajaliwa binti huyo na mapacha wa kiume.

Tarehe 3 Juni mwaka huu, bomba la boila ya jiko la shule lilipasuka, akaingia kumtoa mpishi, akamtoa, yeye mvuke ukamkuta kifuani. Alijua anaingia wapi, maana ndiye aliyefundisha kwamba mvuke huunguza kuliko maji yanayochemka, ukigusa ngozi hugeuka maji na kuutua mzigo wote wa joto, jouli 2260 kwa gramu, kabla hata ya kuanza kupoa.

Wodini, kila asubuhi kipimajoto kilisoma palepale, homa haikupanda, nasi tukashangilia, tukawazuia ndugu wa mbali wasisafiri, shemeji akaanza kumshonea shati pana la kurudia nyumbani. Marehemu alimwomba aache kushona, akasema kipimajoto kusimama si kwamba moto umezimwa, tukamcheka, tukamwambia aache ualimu angalau akiwa kitandani. Tarehe 19 Juni figo ziligoma, akafariki mchana, na asubuhi yake kipimajoto kilikuwa kimesoma vilevile. Sisi wa nyumbani kwake ndio tulioiruka hatua ya pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, walimu wenzake, na mpishi, ambaye tunamsihi aache kutuomba radhi. Faraja hatujaiona, na hatutawadanganya kwamba tunaiona.

Kaka, shati lilikamilika, ndilo ulilovaa. Pumzika kwa amani.