Kibudu Hakina Kipimo

Basi la Likoni lilikuwa nusu tupu tulipotoka Msambweni. Mbele yangu aliketi Dishon, jina lililosomeka kwenye beji yake ya maabara, amepakata sanduku la barafu. Bi Mwanarusi, mzee wa mtaani kwetu aliyekuwa kando yake, alimuuliza amebeba samaki gani.

“Ni nyama ya bucha ya pale stendi, mama. Tunapima kama ni ng'ombe kweli au punda.”

Tulipofika Gazi, Bi Mwanarusi alimgeukia.

“Mwanangu, nyama ya bucha hiyo ndiyo niliyopikia khitma ya marehemu mume wangu. Sasa watu wanasema ni kibudu, ng'ombe aliyekufa kwenye mvua hizi za El Nino, hakuchinjwa. Kipimo chako kitaniambia?”

“Kitakuambia ni ng'ombe.”

“Ng'ombe namjua, nimempika mwenyewe! Nimelisha msikiti mzima kibudu, au sikulisha?”

“Mama, mashine haisikii bismillahi,” akasema Dishon kwa uchovu, kisha akaomba radhi haraka. Nilitamani kumshika bibi yule mkono, lakini nilishika mkoba wangu tu.

“Basi niandikie kwamba alichinjwa. Wenye karatasi huaminiwa.”

“Siwezi kuandika nisilolijua, mama.”

“Na mimi nisilolijua niwaambieje?”

Dishon alitoa fomu, akaitazama, akaikunja tena. Basi likasimama Likoni. Abiria tukashuka, wao wawili wakabaki wameketi.