Alichokisikia Tjibbe Ndani ya Jibini

Sikilizeni, Eelke na wewe Baukje, na muache kunirekebishia mto, maana pumzi iliyobaki ni ya maneno tu. Kiwanda cha jibini ni chenu wawili, nusu kwa nusu, na nyumba ya mferejini ni ya mama yenu mpaka aichoke mwenyewe. Hayo mwanasheria anayo. Lisiloandikwa ni la Tjibbe.

Ijumaa Tjibbe anastaafu, na katika ghala lile ni yeye peke yake anayeligonga jibini kwa kidole akajua lililoharibika tumboni. Mmempa fomu aandike anayoyajua, mkamwahidi saa ya mkononi. Akairudisha tupu, mkamwita mchoyo. Mchoyo si yeye, wanangu. Mwizi nilikuwa mimi.

Mwaka uliozaliwa, Baukje, kwenye kahawa ya saa nne, kikombe kimoja na biskuti moja kama ada yetu, aliniambia jibini la maziwa ya ng'ombe waliokula majani mapya ya masika litolewe nusu siku mapema kwenye maji ya chumvi. Likatoka zuri ajabu. Kwenye mkutano wa ushirika wa watengeneza jibini nikasimama nikasema, "Nimegundua jambo," nikapigiwa makofi, naye yuko nyuma pale, kashika kofia yake. Tangu hapo kahawa alikunywa, neno hakutoa. Miaka mitatu baadaye jibini la mwezi mzima likavimba, likapasuka. Nikamuuliza, "Ulijua?" "Tangu wiki jana." "Mbona hukusema?" "Nilidhani utagundua mwenyewe, bosi."

Kwa kiburi sikumwomba radhi, na nimeona aibu miaka yote hii.

Mtu hatoi kilicho kichwani mwake kwa ajili ya saa, wala kwa amri. Hutoa akijua kwamba hatachekwa, hatafukuzwa akishatoa, wala jina lake halitafutwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fomu zile zichaneni. Ulizeni, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na mkijibiwa, semeni mbele za watu nani kawajibu. Wewe Eelke hasa, unayependa kusimama mbele kama mimi.

Mungu awape masikio, na mpendane, kila mmoja wenu na mwenzake... Baukje, maji. Basi, yatosha.

Tjibbe yuko nje, nimemwita mimi. Na wale wa ghalani, waingie wote, nilimwibia hadharani... Simameni, mpeni kiti. Jamani... lile la chumvi... si langu. Ni la Tjibbe.