Kanyiva Aliyenyang'anywa Mwiko

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Aliye na sufuria jikoni apunguze moto, aje akae. Leo sina maneno ya asali. Marehemu hakuonjeshwa asali na watu wa mtaa wake, na mimi sitawapakulia ya bure.

Namkumbuka Kanyiva wa mtaa wa Mbotela, Nairobi. Kanyiva, mjane wa Muoki mchonga vinyago. Kanyiva, mama yake Mwongeli. Alifariki Jumanne iliyopita akianika nguo. Moyo ulisimama, basi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Atazikwa Jumamosi hii, kwao Mwala. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: ni Kanyiva, ni Jumamosi, ni Mwala.

Binti yake aliniambia kwa simu, akiniita bibi kama mnavyoniita wote, "Shosho, kila anayekufa husemwa alikuwa mpole. Mama hakuwa mpole. Sema yote."

Basi nasema yote. Lakini kwanza kitendawili. Semeni tega. Nina mgeni, ameketi kitako na huku anatembea.

Mtoto anayejifunza kutambaa? Sivyo. Mzee kwenye kiti cha magurudumu? Sivyo. Mmeshindwa, nipeni mji. Haya, mmenipa Machakos nzima, asanteni. Ni mbwa anayejiburuta.

Mnamwona kila siku, msijifanye. Anaketi, anainua miguu ya nyuma, anajivuta kwa ile ya mbele, shaa, sakafuni kwako. Wewe unacheka. Unasema ana minyoo. Unampa dawa ya minyoo, na kesho anajiburuta tena. Kisha anajilamba chini ya mkia mpaka manyoya yanatoka. Kisha nyumba inanuka kama samaki aliyesahauliwa kwenye mfuko.

Kanyiva alijua mbwa huyo anaumwa wapi. Alijua kwa sababu miaka kumi na tisa alipiga deki kwa daktari wa mbwa, upande ule wa mji ambako mbwa ana blanketi lake mwenyewe. Alianza na ndoo. Siku moja msaidizi hakuja kazini, daktari akamwambia amshike mbwa kichwa. Mwaka uliofuata daktari akamwambia aje huku nyuma.

Nawaeleza alivyoelezwa. Mbwa ana vifuko viwili vidogo, kimoja kulia na kimoja kushoto mwa njia ya haja, kila kimoja kama punje ya mbaazi. Akipata choo kigumu, vinajikamua vyenyewe. Akilishwa mchuzi na uji siku zote, choo kinakuwa laini, vifuko vinabaki vimejaa. Vinawasha. Vinauma. Hapo ndipo mbwa anaanza kujiburuta. Narudia: mara nyingi si minyoo, ni vifuko vimejaa.

Kanyiva alivaa glavu. Akaweka kitambaa cha maji ya moto, akapaka mafuta, kidole kimoja ndani, kingine nje, akakamua polepole kwenye pamba. Dakika mbili, mbwa anasimama na kujikung'uta kama aliyetua mzigo. Na alikuwa na sheria yake. "Asiye na shida usimguse," alisema. "Ukimfinyafinya bure, shida unaileta wewe."

Alipostaafu alikuja na glavu zake nyumbani Mbotela, alikoishi siku zote. Mbwa wa kwanza kumkamua hapo mtaani alikuwa wa soja, mlinzi wa godauni moja kando ya Jogoo Road. Alimkamua uani, karibu na mfereji wa maji, mchana, bila kujificha. Kwa nini ajifiche? Alidhani amefanya jambo jema.

Jioni hiyohiyo alikuwa amepata jina jipya.

Mnajua desturi yetu ya Eastlands. Mwanamke akishazaa, anaitwa kwa jina la mtoto wake. Kanyiva alikuwa Mama Mwongeli, na jina hilo lilimkaa kama leso nzuri. Wakamvua. Wakamwita Mama, halafu wakataja pahali pa mbwa palipo chini ya mkia. Redioni sitalitaja. Ninyi mlioliita mnalijua, na najua mnanisikiliza.

Aliyeongoza alikuwa Mbeti. Mbeti anauza supu na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa, na matumbo ya mbuzi anayachukua machinjioni Kiamaiko asubuhi na mapema. Tena Mbeti ndiye mkubwa wa jikoni pale mtaani. Kukiwa na matanga, kukiwa na harusi, wanawake wa laini zile za nyumba hupika pamoja, na Mbeti ndiye husema nani ashike nini. Kabla ya siku ya mfereji, Kanyiva ndiye aliyeshika sufuria ya wali. Hakuna aliyemfikia kwa wali.

Wiki ile kulikuwa na matanga ya jirani. Kanyiva alikuwa anakoroga. Mbeti akaja akasimama nyuma yake.

"Weka huo mwiko chini."

"Kwani wali umeungua?"

"Wali haujaungua. Ni mikono yako imeharibika."

Wanawake wakacheka, wengine wakiwa wameinamia vitunguu ili wasionekane.

"Mikono nimenawa, Mbeti."

"Kuna pahali ukishashika, haitoki kwa kunawa."

"Na wewe leo asubuhi ulikuwa unakamua nini Kiamaiko? Maua?"

"Ya mbuzi ni chakula!"

"Hata kabla hujayaosha?"

Mbeti akamnyang'anya mwiko, mbele ya watu. Kanyiva akabaki na mkono hewani. Alimwambia binti yake baadaye kwamba hakuumia kwa matusi. Aliumia kwamba katika wanawake kumi na wanane waliokuwa jikoni, hata mmoja hakuinua uso.

Kitendawili kingine, hiki msijibu. Wanawake wawili wanakamua. Mmoja kwa glavu, mwingine mikono mitupu. Wa glavu akaitwa mchafu, wa mikono mitupu akashika mwiko.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza mimi mwenyewe. Kando ya nyumba ya Kanyiva kuna duka la Nafiso. Nafiso ni Muislamu, haguswi na mbwa, wala hataki mbwa apite mlangoni pake. Kanyiva alipotoka kwenye matanga yale alidhani huyu ndiye atakayemfukuza kabisa. Akasimama nje ya duka, hakuingia.

"Mbona umesimama juani, abaayo?" Nafiso akamwuliza. Abaayo ni dada, kwa Kisomali.

"Umesikia wanavyosema."

"Nimesikia. Mbwa kwetu ni najisi, simgusi. Lakini najisi inaoshwa. Mara saba, na moja kwa udongo. Ukimaliza, imekwisha. Ingia ndani."

"Imekwisha kabisa?"

"Sasa ibaki ya nini? Ingia, chai inapoa."

Kanyiva aliinywa chai ile akilia. Ninyi wenzake wa kanisa moja, mliokaa naye benchi moja miaka ishirini, hamkuwa na hesabu ya kumwosha mtu. Uchafu wenu hauna mwisho. Nafiso alikuwa na hesabu, na hesabu yake ilikomea saba.

Kuanzia siku ile, Kanyiva akishamaliza mbwa alikwenda mfereji ulio chini ya dirisha la Mbeti, akanawa mpaka kiwikoni. Akahesabu kwa sauti. "Moja! Mbili! Tatu!" Udongo aliuchota mlangoni kwa Mbeti mwenyewe. Nimewaambia hakuwa mpole.

"Nenda ukapigie kelele kwenu!" Mbeti akipiga kelele dirishani.

"Nne! Tano!"

Mbwa walikuja. Wa soja, wa wenye magereji, wa mwalimu. Watu wakamletea mbwa kwa mlango wa nyuma, na kwa mlango wa mbele wakapita bila salamu.

Mwaka jana, Mwongeli akaposwa. Kijana wa watu wa Kitui, mtu wa heshima. Tarehe ya ntheo ikawekwa, Jumamosi. Ntheo ni mbuzi wa desturi ya Wakamba. Bila mbuzi hao msichana hajaolewa, hata awe na pete kumi. Wakwe wakileta mbuzi, wanachinjiwa, wanapikiwa, na wanaopika ni wanawake wa pale nyumbani. Wakwe wanaangalia. Mahali ambapo hakuna wanawake jikoni, wanajua huyu mama hana watu. Na binti wa mama asiye na watu, huko aendako anapimwa kwa kibaba kidogo.

Kanyiva alizunguka nyumba zote. Alimeza maneno yake, akabisha milango. "Jumamosi nina ntheo ya Mwongeli. Naomba mnisaidie jikoni." Kila mlango ukamwambia, tutaangalia na Mbeti.

Jumatano ile, saa saba mchana, Mbeti mwenyewe akaja. Kanyiva alimwona kwa dirisha, akafikiri amekuja kumtukana. Lakini Mbeti alikuwa amemfunga kamba mbwa wake, Bosco, yule mkubwa wa rangi ya kahawia. Bosco alikuwa anatembea kama mzee. Nyuma yote ilikuwa nyeusi inameta.

"Umempaka nini?"

"Oili chafu ya gari. Nilidhani ni upele."

"Unamlisha nini?"

"Supu. Na mabaki ya matumbo."

"Kila siku?"

"Sasa nitamlisha nini, keki?"

Kanyiva akavaa glavu, akainua mkia. Upande wa kushoto palikuwa pamevimba kama limau, pamekuwa pekundu, pana moto. Bosco akalia kabla hata hajaguswa. Kanyiva akauteremsha mkia polepole.

Mbeti akakohoa. "Mkamue. Halafu hiyo Jumamosi tutakuja. Wote. Mwiko utashika wewe."

Wasikilizaji wangu, nataka mkae hapo kidogo. Kanyiva alikuwa anatafuta kitu kimoja tu duniani, wanawake jikoni siku ya Jumamosi. Kitu hicho kimeletwa mlangoni kwake, kwa bei ya dakika mbili. Mwongeli alikuwa ndani anakunja vitambaa, alisikia kila neno. Aliniambia, "Shosho, niliomba Mungu mama akubali."

Kanyiva akavua glavu.

"Huyu hakamuliwi. Hilo ni jipu. Nikilifinya litapasukia ndani, na utamzika. Mpeleke kwa daktari leo, apasue, aoshe, ampe dawa. Nakupa namba yake."

"Unanilipiza."

"Mbeti, hakamuliwi."

"Mbwa wa soja umemkamua! Wa mwalimu umemkamua! Wangu ndiye anakushinda? Sema unanilipiza, uwe mwanamke!"

"Ningetaka kukulipiza ningemfinya."

Mbeti akamvuta Bosco akaenda zake. Mlangoni akageuka. "Hiyo ntheo utakula peke yako."

Alimpeleka kwa daktari hata hivyo, kwa mkokoteni. Alhamisi jioni daktari alimpigia Kanyiva simu. Jipu limepasuliwa, mbwa atapona. "Na mwenyewe nimemwambia," daktari akasema, "aliyekataa kulifinya ndiye aliyemwokoa."

Kwa hiyo Mbeti alijua. Tangu Alhamisi alijua. Narudia, wapendwa, maana hapa ndipo roho yangu imekwama: Alhamisi alijua, Ijumaa alinyamaza, na Jumamosi ilikuja.

Jumamosi Kanyiva aliamka akapanga visu kumi na vinane mezani. Aliweka benchi kando ya jiko. Alisubiri. Saa nne wakwe wakafika na mbuzi watatu. Jikoni alikuwa Kanyiva na Nafiso, hakuna wa tatu. Nafiso alikuwa amefunga duka lake siku ya Jumamosi, siku ya mauzo. Walipika wawili chakula cha watu arobaini, Nafiso akimenya viazi na kulaani kwa Kisomali.

Mama mkwe kutoka Kitui akaja jikoni, akatazama visu vilivyolala mezani. "Wanawake wa hapa wako wapi?"

"Wako kwao," Kanyiva akamjibu bila kuinua kichwa. "Wananawa mikono."

Wali haukuungua. Mwongeli aliolewa. Lakini binti huyo ananiambia kwamba tangu siku ile mama yake hakubisha tena mlango wa mtu pale Mbotela, hata wa kuomba chumvi.

Jana nilimpigia Mbeti, maana ni haki asikilizwe. Nilimwuliza ana neno gani juu ya marehemu. Akasema, "Mwambie Mwongeli Bosco alipona." Akakata. Mbeti, binti ameambiwa. Amenijibu kwamba Bosco hana kosa.

Kwa Mwongeli na mume wake, kwa ukoo wote wa Muoki huko Mwala, poleni. Poleni sana. Kwako Nafiso, uliyefunga duka, pole dada yetu. Kwa wengine wa laini zile za Mbotela, pole yangu sina, labda mtaipata kwingine. Kaeni na redio zenu mjiulize, mkono wa mtu mnaukataa kwa kipimo gani, na unahitaji kunawa mara ngapi ndipo muukubali.

Tangazo la mwisho linatoka kwa binti. Mazishi ni Jumamosi, Mwala, saa tano. Mbeti na wenzake walipeleka unga na mafuta wakasema watapika. Vimerudishwa. Mwongeli anasema mje wote, hakuna anayefukuzwa, benchi zipo na chakula kitakuwepo. Lakini atapika yeye na Nafiso, na kati ya wale wanawake kumi na wanane hakuna atakayevuka mlango wa jikoni.

Nami nitakuwa huko, nimekaa kwenye benchi. Nilikuwa mmoja wa hao kumi na wanane. Nilikuwa nakata vitunguu.