Bahari ya Chungu

Gruu, kisha kimya. Usiku ule wa mgao wa umeme kipampu cha hewa kilikoroma mara moja, kikanyamaza, na Mzee Mbwana akalala macho wazi hadi alfajiri, akiyawazia matumbawe yaliyokuwa hai ndani ya tangi la kioo, sebuleni kwake Mwananyamala. Wiki ya tatu sasa yalikuwa yakipauka. Asubuhi akalipeleka swali kijiweni, kwenye benchi la Jabiri muuza kahawa. Talha fundi redio, waliyemwita Waya, alikuwepo, na Kondo, mpiga chapa mstaafu, aliyepewa uprofesa na miwani yake.

— Nataka kichujio, alisema Mbwana. Cha uhakika. Kabla hayajafa.

— Sifongo, alisema Waya. Nakata kipande cha godoro, nakitia kwenye chupa, maji yanapita humo. Uchafu unanasa.

— Na umeme ukikatika?

— Betri ya gari.

— Gari ninalo?

— Mzee, mie nimekupa kichujio. Gari ni ishu nyingine.

Profesa akashusha kikombe.

— Wahenga walishamaliza. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Yahamishie kwenye chungu cha udongo. Kinachuja, kinapoza.

— Chungu huyo ni mdudu, Profesa, alisema Jabiri akimimina.

— Basi tia na mdudu.

Wakacheka. Mbwana hakucheka.

— Au tulaze bomba toka Msasani, alisema Waya. Maji yajae na kupwa kama baharini kwenyewe.

— Lipite makaburi ya Kinondoni? aliuliza Jabiri.

— Wale hawana neno.

Lusungu, mwalimu wa baiolojia aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amefika akawaamkia wazee, akaagiza kahawa, akasikiliza.

— Ndani ya tangi mna nini, mzee?

— Mchanga. Matumbawe. Na mawe ya baharini.

— Mawe unayafanyaje?

— Nayaosha. Wageni wa Idi waliyaona yameota utelezi, nikaona haya. Tangu hapo kila Ijumaa nayasugua kwa brashi na maji ya bomba. Usafi ni sehemu ya imani.

Lusungu akaweka kikombe chini.

— Basi kichujio unacho, mzee, ila unakisugua. Kwenye ule utelezi wanaishi vijidudu wanaokula uchafu wa maji. Rudisha mawe kama yalivyokuwa, usiyaguse.

— Si nilisema mdudu, alisema Profesa.

Mbwana hakumsikia. Alisikia sauti mlangoni, mwaka mmoja na nusu nyuma, ya mtu mwenye begi mkononi: Baba, mawe usiyaoshe. Siku ile hakuitikia.

— Aliyeyapanga alijua kazi, alisema Lusungu. Ni nani?

Waya akachunguza soli ya kiatu chake. Profesa akafuta miwani. Hata Jabiri aliacha kugonganisha vikombe. Wote walijua: binti aliyesomea mambo ya bahari aliolewa bomani na Gaudens, Mkristo wa Songea, akaondoka na begi, tangi likabaki. Mbwana alikataza jina lake lisitajwe nyumbani, na benchi likatii bila kuambiwa.

Mbwana akazungusha kikombe kiganjani, akatazama machicha chini.

— Binti yangu, alisema.

Mwalimu akangoja.

— Zuena.